Zamu Yangu ya Kuwa Baba Mdogo

Hospitali yetu ilikuwa nyuma ya dawati la mwisho, kwenye dirisha lisilo na kioo. Kituo cha polisi kilikuwa mlangoni, na soko lilikuwa nje, ukutani, pale jua la asubuhi lilipokuwa linapiga vizuri. Vyote hivyo vilikuwa darasa la sita, shule ya msingi, Izigo, wilaya ya Muleba, na mwenye kuvijenga na kuvibomoa alikuwa mwalimu wetu wa darasa. Alikuwa na kapu la ukili. Ndani yake mlikuwa na kofia, kanga kuukuu, koti la mwanamume lililokatika vifungo, miwani isiyo na vioo na fimbo ya kutembelea. Ukivaa koti unakuwa daktari. Ukivaa koti hilohilo na kushika fimbo unakuwa mzee wa ukoo. Bua la mpapai la kupimia mapigo ya moyo tulilikata wenyewe, na hadi leo nikimwona daktari wa kweli anamwekea mtu chombo chake kifuani, pua yangu inanusa utomvu wa mpapai.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kiislamu kutoka Bukoba mjini, mwembamba, mwenye sauti iliyouzidi mwili. Bibi yake mzaa baba alitokea Pwani zamani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kinateleza tu. Chetu kilikuwa kinakwaruza. Sisi tulikuwa watoto wa wakulima, Wakatoliki karibu wote, tumezaliwa ndani ya migomba na mibuni, na Kiswahili tulikutana nacho shuleni kama mtu anavyokutana na mgeni wa baba yake: unamsalimia vizuri, halafu unatafuta mlango. Walimu wengine dawa yao ya jambo hilo ilikuwa fimbo. Huyu dawa yake ilikuwa kapu. Kwenye kapu, anayetaka kununua nyanya lazima aseme, na anayeumwa tumbo lazima aeleze linaumaje, na hakuna daktari anayekubali jibu la kuonyesha kwa kidole.

Wenzake walimwita mwalimu wa michezo, wakivuta midomo. Kelele zetu zilipenya ukuta hadi darasa la saba, na mwalimu wa hesabu wa huko alikuwa anakuja kusimama mlangoni kwetu, kwenye kituo cha polisi, akitutazama. Polisi wetu mmoja aliwahi kumuuliza kitambulisho. Loo! Siku hiyo tulicheka mpaka tukasahau kengele ya mapumziko.

Sasa, sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa kujisikia, na mimi sitabisha, utani huo ni halali yetu. Mchezo wa hospitali ulipoanza, darasa zima lilitaka kuwa daktari. Hakuna aliyetaka kuwa mgonjwa, isipokuwa mmoja aliyekubali kwa masharti kwamba awe mgonjwa aliyerudi kutoka Ulaya. Mwalimu aliangalia mikono yote ile iliyoinuka, akasema, “Basi. Kuanzia leo, unachokikimbia ndicho nitakachokupa.” Ikawa sheria. Anayejiona mjanja anakuwa mshamba anayeulizia njia. Mgomvi anakuwa msuluhishi. Mvivu anakuwa bwana shamba. Tulinung'unika, tukazoea, tukaanza kuipenda.

Nakumbuka siku ya baraza la kata. Kiranja wetu, msichana mpole ambaye hata kunusa ugomvi alikuwa hataki, alipewa uenyekiti wa baraza. Akavaa miwani isiyo na vioo, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akapendeza kweli. Aliyekuja kushtaki alikuwa mvulana wa madawati ya nyuma, binamu yake, ambaye asubuhi ileile alikuwa amemnyang'anya ndoo kisimani. Mvulana akaingia na koti na fimbo, anakohoa kizee. Mheshimiwa mwenyekiti akasimama, akatoka nyuma ya meza, akapiga magoti mbele ya mshtaki na kumwamkia kwa Kihaya, kichwa chini, kama msichana yeyote aliyelelewa afanyavyo mzee akiingia.

Hakuna aliyecheka. Sisi wote tuliona ni sawa kabisa. Hata mvulana mwenyewe aliitikia na kuuliza habari za nyumbani, nyumbani ambako alikuwa amelala jana.

“Mheshimiwa mwenyekiti,” mwalimu akauliza taratibu, “huko chini unatafuta nini?”

“Mzee ameingia, mwalimu.”

Mwalimu alicheka hadi akajifuta macho kwa mtandio. Halafu akasema, “Kumbe kazi bado ni kubwa.” Sisi hatukuelewa kazi gani.

Nimesimulia hayo kwanza kwa sababu ni matamu. Mwaka ule mambo mengine yalikuwa machungu. Baba yangu alikuwa amefariki kabla shule hazijafunguliwa, homa ya siku chache tu, tukamzika kwenye kibanja chetu, ndani ya migomba, kama tunavyozikana huku. Kwetu kibanja ni shamba, na ni zaidi ya shamba. Nyumba iko mle, makaburi yako mle, chakula kiko mle. Mama alipofagia kaburi mara ya kwanza alifagia na upande wake wa kulia, akapanda maua mekundu pembeni, akatuambia mimi na wadogo zangu, bila kulia, “Hapa pangu. Mkisahau nitawarudia.”

Tulikuwa watoto wa kike watupu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Matanga yalipoisha ilitakiwa ukoo umkalishe mrithi kwenye kigoda cha marehemu, mbele ya watu, kila mtu aone nyumba ina mwenyewe. Kwetu hakuna aliyekalishwa. Wazee walikohoa, wakatafuna kahawa, wakasema jambo hili litakatwa baada ya mavuno. Kigoda cha baba kikabaki sebuleni kimegeuzwa ukutani, na hata paka wetu alikipita kwa mbali.

Halafu baba mdogo akaanza kuja. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mtu wa ziwani, aliyeishi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kwenye chumba cha kupanga na kununua samaki kwa wavuvi. Zamani tulimpenda. Alikuwa anakuja na baiskeli na kichwa cha sangara kimefungwa nyuma, tunamkimbilia hadi barabarani. Sasa alikuja na panga. Hakupiga hodi. Aliingia moja kwa moja kwenye migomba na kuanza kukata majani makavu, mgomba hadi mgomba, akipiga mluzi. Asiye wa huku atasema, ah, shemeji mwema anamsaidia mjane. Wa huku anajua. Mwanamume haingii kwenye migomba ya watu na kuipogoa bila kuombwa. Anayefanya hivyo anatangaza kwamba mwenye shamba ni yeye.

Mama alisimama mlangoni pa jiko akimtazama, mikono ina unga. Mwisho akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Watanirudisha Kashozi.”

Kashozi ndiko alikozaliwa, kule karibu na misheni. Lakini mama akirudi Kashozi anarudi peke yake. Sisi tulikuwa watoto wa ukoo wa baba, na watoto wa ukoo wanabaki kwenye ukoo. Baba mdogo akikalishwa kwenye kile kigoda, anapata migomba, nyumba na sisi, na mama anapata nauli. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniamsha alfajiri kabla ya jogoo, na hicho ndicho nilichokwenda nacho shule kila siku bila kumwambia mtu. Mimi nina mdomo, wanaonijua watakwambia, ila jambo hilo lilinikaba.

Mwalimu naye hakujua. Alitaka kutufundisha haki, somo la uraia, akauliza, “Ni baraza gani la kwenu mngependa tuliigize?” Mjinga mmoja wa mbele akajibu, “La mtu akifa, mwalimu. Kumkalisha mrithi.” Mwalimu akaona ni wazo zuri sana. Alikuwa mtu wa mjini, na wa dini nyingine, kwao mirathi inagawanywa kwa namna yake. Akaomba kigoda jikoni kwa mama mpishi wa shule, akamwita mvulana mmoja mnene mwenye sura ya utu uzima, akamvisha koti, akamwambia, “Haya, marehemu alikuwa baba yako. Keti.”

Mvulana akaketi. Mimi nilisimama, nikatoka mlangoni, nikapita uwanjani, nikaenda kukaa nyuma ya choo nikalia mpaka kamasi zikanitoka.

Kumbe huko ndani moto ulikuwa unawaka mwingine. Baba wa yule mvulana alikuwa hai, mzima wa afya, siku hiyo alikuwa anachuma kahawa zake. Kufika jioni alikuwa ameshasikia kwamba mwanawe ameketi kwenye kigoda mbele ya watu. Kesho yake alikuja shuleni na wenzake, kanzu zimepigwa pasi.

“Mwanangu amenikalia kigoda nami napumua!” alimfokea mwalimu mkuu. “Mnanichuria! Serikali imewatuma mtuue kwa maigizo?”

Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wetu, na sisi tukiwa dirishani tulisikia yote. Kapu likafungiwa ofisini. Kwa wiki nzima tuliandika ubaoni, tukanakili, tukaandika, tukanakili, na mwalimu wa hesabu wa darasa la saba akaonekana amenawiri.

Mwalimu hakununa. Siku ya Jumamosi alikwenda nyumbani kwa yule mzee kwa miguu, peke yake. Mvulana ndiye aliyetusimulia. Alifika, akapiga magoti kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, akasema, “Baba yangu, nimekosa. Sikujua.” Mzee alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa wa kugombana naye. Akamletea kahawa ya kutafuna. Wakazungumza hadi jua likaanza kushuka, na mwisho mzee akasema, “Kucheza, chezeni. Watoto wasipojua mambo ya ukoo sasa, watajua lini? Lakini kigoda msikiguse.”

Kabla ya kulirudisha kapu darasani mwalimu aliniita mimi. Alikuwa ameniona nikitoka siku ile. Tuliketi kwenye ngazi za ofisi, akamenya chungwa, akanipa nusu, hakuniuliza kitu. Nikamaliza nusu yangu na maneno yakaanza kunitoka yenyewe: panga, mluzi, Kashozi, wadogo zangu. Nikamwambia namchukia baba mdogo hadi sitaki hata kuitikia salamu yake.

“Subhanallah,” akasema. Akafikiri. “Kesho tutacheza baraza la ukoo. Bila kigoda. Wewe utakuwa baba mdogo.”

“Mimi? Sitaki!”

“Najua hutaki. Sheria ya kapu unaijua.”

Nilimwona mkatili. Nilikwenda nyumbani nimevimba, nikamjibu mama vibaya, nikapigwa kofi langu la haki. Usiku nilipanga jinsi nitakavyomwigiza: nitatoa tumbo mbele, nitapiga mluzi, nitakuwa na tamaa hadi darasa zima limzomee. Angalau nifaidi hilo.

Kesho yake nikavaa koti. Kiranja alikuwa mama yangu, amefunga kanga kiunoni, ameketi chini kwa utulivu. Mvulana mnene alikuwa mkuu wa ukoo. Nikaingia napiga mluzi, watu wakacheka, nikaongeza. Nikasema migomba yote yangu, nyumba yangu, hata sufuria zangu. Wakanizomea vizuri. Nilikuwa nafurahia kweli, jamani.

Mkuu wa ukoo akagonga fimbo. “Wewe una kazi yako ziwani,” akaniuliza. “Una samaki, una chumba mwaloni. Mji wa kaka yako unautakia nini?”

Nilikuwa na jibu tayari, jibu la kihuni la kuwachekesha. Nikafungua mdomo. Lakini nilikuwa nimevaa lile koti, nimesimama mbele ya watu wote wanaonizomea, na nilikuwa peke yangu kuliko nilivyotarajia. Nikakiona kile chumba cha mwaloni. Nilishawahi kufika na baba: kitanda, jiko la mafuta, nyavu za mwenye nyumba, na maji ya ziwa karibu kabisa na mlango. Hakuna hata mgomba mmoja.

“Na nikifa mtanizika wapi?” nikasema. “Majini?”

Nilisema kwa sauti ya baba mdogo, na haikuwa ya kuigiza tena. Babu yangu alikuwa amempa kibanja mtoto mkubwa, baba yangu, na huyu mdogo akaambiwa ajitafutie. Alijitafutia ziwani, na ziwani hapazikwi mtu wa ukoo. Hapa kwetu mtu asiye na mahali pa kaburi kwao hana mbele wala nyuma, hata awe na fedha za kujaza gunia. Hayo yote niliyajua tangu nazaliwa, kila mtoto wa huku anayajua. Sikuwahi kuyaweka kwa baba mdogo kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumchukia.

Mwalimu alikuja akanivua koti mwenyewe, akalikung'uta. Tulikuwa na desturi hiyo, kukung'uta nguo ukimaliza, urudi kuwa wewe. Nilikuwa na hasira, kwa sababu kumchukia mtu usiyemwelewa ni rahisi sana, na mwalimu alikuwa ameninyang'anya urahisi huo.

Siku hiyo nilimkuta mama anamenya ndizi nyuma ya jiko. Nikaketi, nikachukua kisu, nikamenya pamoja naye. Nikamwambia, “Mama, muulize baba mdogo anataka kuzikwa wapi.”

Aliacha kumenya. “Nani kakwambia maneno hayo?”

“Hakuna. Niliyasema mwenyewe nikiwa yeye.”

Alinitazama kama anayeangalia kama nina homa. Akasema, “Mwalimu wenu huyo atawatia wazimu.” Kisha akarudi kwenye ndizi zake, na mimi nilidhani ameliacha.

Kikao kilifanyika baada ya mavuno, mchana, sebuleni kwetu. Wazee kwenye viti, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati, wanawake chini kwenye mikeka karibu na mlango. Sisi watoto tulifukuzwa, na kama watoto wote tulizunguka nyumba na kutega masikio dirishani. Nilisikia jina la baba likitajwa na kusifiwa. Nilisikia mzee mmoja akisema mwanamke asiye na mtoto wa kiume ni mgeni aliyekawia kuondoka. Nilitamani kuingia nimng'ate. Nilisikia baba mdogo akisema ardhi ya baba yake haiwezi kuachiwa wakwe waje kuila, wasichana hawa kesho wataolewa. Kila sentensi yake ilipigiwa makofi. Mdogo wangu alinishika sketi, akanong'ona, “Mama anaondoka lini?” Nikamwambia anyamaze.

Kisha nikasikia mama akiomba nafasi. “Waitu, wazee wangu, naomba nimuulize shemeji yangu jambo moja tu.”

Waliguna, lakini mkuu wa ukoo akasema aulize.

“Shemeji, siku Mungu akikuita, unataka kulala wapi?”

Nilichungulia. Baba mdogo alikuwa ameshika glasi yake, hainywi, haiweki chini. Alipoanza kulia sikumwelewa mara moja, nilidhani anakohoa. Mwanamume mzima, mbele ya wazee wake, analia kama mtoto aliyepotea mnadani.

“Mtu hazikwi kwenye chumba cha kupanga,” akasema. “Mwaka juzi mwenzangu alizama. Tulimfukia pale pale mwaloni, kwenye mchanga, hakuna aliyejua kwao. Tangu siku hiyo silali.” Akajifuta. “Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.”

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, au mimi nayakumbuka hivyo. Mama alimwambia baba mdogo kwamba migomba inatosha kulisha watoto wa kaka yake, na ardhi inatosha kumlaza yeye. Wazee wakavutana, wakakubaliana: mama abaki na wanawe, kibanja kisiuzwe nje ya ukoo, na baba mdogo apewe mahali pa kaburi mbele ya mashahidi, leo hii, kwa macho. Nje tukarukaruka bila sauti. Wote wakatoka, glasi mkononi, wakaingia kwenye migomba. “Chagua,” mkuu wa ukoo akamwambia.

Baba mdogo alitembea taratibu. Alipita mibuni, akapita mgomba mkubwa wa karibu na kisima, akafika kwenye kaburi la kaka yake. Akazunguka, akasimama upande wa kulia, kwenye maua mekundu. “Hapa,” akasema. “Nimlalie karibu.”

Nilimtazama mama. Wadogo zangu nao walimtazama. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua maua yale yalikuwa ya nani. Alikaza kanga yake, akaangalia yale maua, akasema, “Ni pako, shemeji.”

Miaka imekwenda. Mimi ni mwalimu sasa, naishi Ijuganyondo, na nina kapu langu, ingawa watoto wa siku hizi wananiambia lina harufu ya uzee. Mwalimu wangu amestaafu, yuko mjini Bukoba, nikimtembelea bado ananiita Baba Mdogo mbele ya wajukuu zake na kucheka mwenyewe. Jinsi ninavyolikumbuka lile darasa! Mvua ikipiga bati, tulikuwa tunapiga kelele zaidi ili mgonjwa asikike. Ningepewa siku moja ya kurudi mle, ningekubali hata kuwa mgonjwa.

Na baba mdogo alikuwa baba kweli. Aliendelea kuja na baiskeli na sangara, baadaye pikipiki. Akitaka kupogoa migomba alikuwa anapiga hodi kwanza, hata kama mama yuko mbali shambani na haitiki, anasubiri. Alisimama na mimi kanisani siku ya harusi yangu. Ugonjwa wa mnyauko ulipoivamia migomba ni yeye aliyeing'oa na kuichoma, mmoja mmoja, akiomboleza kama msibani. Alifariki mwaka jana, amelala kitandani kwa ndugu, wala si mwaloni. Tulimzika pale alipochagua, karibu na kaka yake.

Watu walipotawanyika nilibaki na mama nyuma ya jiko. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini kisu chake bado ni chepesi. Tulikuwa tunamenya ndizi za wageni waliobaki. Nilikuwa nimepanga vizuri kichwani: upande wa kushoto wa baba pana nafasi, nimeshaongea na wadogo zangu, tutajengea vigae. Nikasema kwa uchangamfu, kwa sauti yangu ya darasani, “Mama, na wewe je? Tunafikiri upande wa kushoto.”

“Kashozi,” akasema.

Nilidhani sikusikia.

“Kwa baba yangu na mama yangu. Nimeshaongea na kaka zangu.”

“Mama! Tulilia mwaka mzima usirudishwe Kashozi!”

“Nisirudishwe na nyinyi mkabaki,” akasema. “Sikurudishwa. Nimewalea, mmeolewa, mmesoma, kazi imeisha. Pale nilipopataka pana mwenyewe, na sina kinyongo naye. Sasa nataka kwetu.”

Nikaweka kisu chini. Nilikuwa mtoto nikamfundisha mama swali la kumuuliza mwanamume aliyetaka kumwondoa, na nimejivunia hilo maisha yangu yote, nimelisimulia kwenye semina za walimu. “Kwa nini hukusema siku zote hizi?”

“Mlikuwa hamjaniuliza.”

Nikaanza kulia, mwalimu mzima, mbele ya maganda ya ndizi. Mama akanipiga kidogo begani kwa mkono wenye utomvu.

“Nyamaza bwana, kwani nimekufa?” akasema. “Menya. Watu wana njaa.”